John Scott Haldane: Mtafiti wa Hewa Aliyewatangulia Wanaanga

Mwanaanga hatoki nje ya chombo chake kama mtu afunguavyo mlango wa nyumba akatoka uani. Kabla ya kutoka hulazimika kuvuta oksijeni tupu kwa muda mrefu, na pengine kulala usiku kucha katika chumba kidogo ambamo kanieneo ya hewa imepunguzwa makusudi. Asipofanya hivyo, mwili wake waweza kufura viputo vya gesi, akashikwa na maumivu ya viungo, akapooza, au hata akafa akiwa ndani ya vazi lake. Msingi wa hesabu zinazotumiwa kukadiria muda huo uliwekwa na mtu ambaye hakuwahi kuona chombo chochote kikienda angani. Mtu huyo ni Daktari John Scott Haldane wa Skoti, aliyeaga dunia mwaka wa 1936, miaka 25 kabla ya binadamu wa kwanza kufika anga za juu.

Kabla hatujaingia katika maisha yake, inafaa tukubaliane juu ya istilahi mbili. Neno kanieneo, ambalo baadhi yetu hupendelea kuliita shinikizo, limeundwa kwa kuambatanisha kani na eneo, nalo hutaja nguvu ambayo hewa au maji hukandamizia kila sehemu ya kitu. Ama ugonjwa wenyewe, sijaridhika na jina lolote nililolikuta katika kamusi zetu, kwa hivyo katika makala haya nitauita ugonjwa wa viputo. Jina hilo walau linaeleza kinachotendeka. Msomaji aifikirie chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, gesi imetulia ndani ya kinywaji wala haionekani. Kifuniko kikifunguliwa ghafla, kanieneo hushuka na gesi ile hububujika. Mwili wa binadamu nao umeyeyusha ndani yake naitrojeni, gesi ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa tunayoivuta. Mzamiaji akitoka kilindini upesi, au mwanaanga akitoka chomboni bila maandalizi, kifuniko kimefunguliwa.

Haldane alizaliwa mjini Edinburgh mwezi wa Mei 1860, katika ukoo uliokuwa na mali na jina. Baba yake, Robert Haldane, alikuwa mwanasheria. Kakake, Richard, alikuja kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza na baadaye Mkuu wa Sheria. Dada yake, Elizabeth, aliandika vitabu. Mjomba wake, John Burdon-Sanderson, alikuwa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kijana aliyezaliwa katika nyumba kama hiyo angeweza kuyaishi maisha yake yote katika kumbi za starehe. Yeye alihitimu udaktari Edinburgh mwaka wa 1884, baada ya kusoma pia kwa muda huko Jena, Ujerumani, kisha badala ya kufungua kliniki ya matajiri akaelekea Dundee, mji wa viwanda, kupima hewa ya nyumba za maskini.

Kazi hiyo aliifanya usiku wa manane. Yeye na wenzake walibisha hodi katika vyumba vilivyosongamana watu waliolala, wakachota hewa katika chupa na kwenda kuipima. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1887. Yalilinganisha hewa ya nyumba za chumba kimoja na ile ya nyumba kubwa, pamoja na hewa ya madarasa. Hapa ndipo tabia yake ya kisayansi inapojitokeza kwa mara ya kwanza, nayo haikumwacha hadi kufa. Hakuamini kwamba hewa yaweza kuchunguzwa kutoka mezani. Ilimlazimu mtafiti aende inakovutwa, aivute mwenyewe, kisha ndipo aandike. Kwa mtindo huohuo alichunguza mitaro ya maji taka ya London, na baadaye hewa ya reli ya chini ya ardhi ya jiji hilo, wakati treni zake zilipokuwa zingali zinaendeshwa kwa makaa.

Mwaka wa 1887 alihamia Oxford, na mwaka wa 1891 akamwoa Louisa Kathleen Trotter. Walijaliwa watoto wawili ambao nao walipata sifa ulimwenguni. John, aliyezaliwa mwaka wa 1892, alikuwa mwanabiolojia mashuhuri aliyejulikana zaidi kwa herufi za J. B. S., na Naomi, aliyezaliwa mwaka wa 1897, alikuwa mwandishi wa riwaya. Nyumba yao ilikuwa nusu makao, nusu maabara. Inasimuliwa kwamba baba mtu alikuwa msahaulifu wa kupindukia. Siku moja alitumwa orofani abadilishe nguo kwa ajili ya wageni wa chakula cha jioni, akavua, akajikuta kitandani amelala fofofo.

Lakini usahaulifu huo uliishia mlangoni. Tarehe 27 Januari 1896 mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, kusini mwa Wales, ukaua watu 57. Haldane aliingia mgodini, akazikagua maiti na kuzipima damu. Watu wengi walidhani kwamba wachimbaji huuawa na nguvu ya mlipuko au moto wake. Yeye alikuta miili mingi isiyokuwa na jeraha kubwa, ngozi ikiwa na wekundu kama wa mtu mwenye afya njema. Wekundu huo ulikuwa ushahidi wa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoing'ang'ania hemoglobini na kuinyima oksijeni. Wengi hawakuuawa na mlipuko, bali na hewa iliyobaki baada yake.

Aliijuaje gesi hiyo kwa undani kiasi hicho? Alikuwa amekwisha kuivuta. Katika majaribio aliyoyachapisha mwaka wa 1895 aliketi katika maabara yake akivuta kaboni monoksidi iliyochanganywa na hewa, akiandika dalili moja baada ya nyingine, mpaka ikamwia vigumu kusimama na kutembea. Ndipo alipopendekeza wachimbaji wawe wanachukua panya au ndege wadogo mgodini. Kiumbe mdogo hupumua kwa kasi, hivyo hulevywa na gesi mapema kuliko mtu na kumpa nafasi ya kujiokoa. Kanari, yule ndege mdogo wa jamii ya chiriku, alikaa katika migodi ya Uingereza hadi mwaka wa 1986 alipoondolewa na mahali pake kuchukuliwa na vifaa vya kielektroniki.

Hapa kuna kisa ambacho wanafunzi wa fasihi watakipenda, ingawa mimi sina hakika kama nakipenda au kinanitisha. Haldane alimchukua mwanawe John, angali mtoto, hadi mgodini akamtaka asimame wima na kukariri hotuba ya Antony kutoka katika Julius Caesar, tamthilia tunayoijua kwa Kiswahili kupitia tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere. Mtoto akaanza kukariri. Kabla hajafika mbali, miguu ilimlegea akaanguka. Alipofika sakafuni alizinduka na kupumua vizuri. Gesi ya methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo hukusanyika karibu na dari. Somo hilo mtoto hakulisahau maishani. Hata hivyo, sioni mzazi wa leo ambaye angesamehewa kwa kulifundisha kwa njia hiyo.

Mwaka wa 1905, pamoja na Priestley, alichapisha uvumbuzi ambao wanafiziolojia huuhesabu kuwa mkubwa kuliko yote aliyoyafanya. Walionyesha kwamba kasi ya pumzi zetu kwa kawaida huongozwa na kiasi cha dioksidi ya kaboni mwilini, wala si na upungufu wa oksijeni. Wakati huohuo Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilimjia na tatizo lake. Wapiga mbizi wake walikuwa wakiugua na kufa baada ya kutoka majini.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Wajenzi wa misingi ya madaraja, waliofanya kazi chini ya mito ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa iliyoshindiliwa, walikuwa wameteseka nao kwa miongo mingi. Mfaransa Paul Bert alikuwa amethibitisha mwaka wa 1878 kwamba chanzo ni viputo vya naitrojeni. Kilichokosekana ni kanuni. Mtu akae chini kwa muda gani, na apande vipi? Ushauri uliokuwapo ulifuata busara yetu ya kale ya polepole ndio mwendo. Mpiga mbizi alitakiwa apande kwa mwendo mmoja wa taratibu kutoka chini hadi juu.

Haldane alianza na mbuzi. Katika Taasisi ya Lister jijini London kulikuwa na tangi kubwa la chuma ambalo hewa yake iliweza kushindiliwa, na humo yeye na Arthur Boycott na Luteni Guybon Damant wa Jeshi la Wanamaji waliwaingiza wanyama hao kwa makundi. Kwa nini mbuzi? Panya hawafai, kwa kuwa damu yao huzunguka upesi mno na naitrojeni huwatoka kabla ya kuleta madhara. Alihitajika mnyama mkubwa kiasi, anayepatikana kwa urahisi, ambaye hali yake inaonekana kwa macho. Mbuzi aliyeshikwa na maumivu ya goti huinua mguu wa mbele akasimama kwa mitatu. Hiyo ilitosha kuwa dalili, maana mnyama hawezi kuulizwa anaumwa wapi.

Matokeo yaliwashangaza. Mbuzi waliotolewa ghafla kutoka kanieneo ya angahewa 6 hadi 2.6 hawakudhurika. Waliotolewa kutoka angahewa 4.4 hadi 1 waliugua wengi, na baadhi wakafa. Tofauti katika makundi yote mawili ilikuwa karibu ileile, yaani angahewa 3.4. Haldane akatambua kwamba hatari haitegemei kiasi kilichopunguzwa bali uwiano kati ya kanieneo ya mwanzo na ya mwisho. Mwili waweza kustahimili kupunguziwa kanieneo hadi nusu bila viputo vyenye madhara kutokea. Mpiga mbizi aliyefika mita 50, ambako kanieneo ni angahewa 6, angeweza kupanda haraka hadi mita 20, ambako ni angahewa 3, kisha asimame. Baada ya hapo angepanda kwa hatua, akisimama kwa dakika zilizopangwa, na zaidi karibu na uso wa maji.

Kumbe polepole ile ya awali ilikuwa na madhara! Mtu aliyepanda taratibu tangu kilindini aliendelea kufyonza naitrojeni katika sehemu za mwili zinazojaa pole, kisha akamalizia mwendo kwa kasi isiyostahili mahali palipokuwa na hatari zaidi. Haraka ya mwanzo ndiyo iliyokuwa na baraka, mradi subira ifuate.

Aligundua pia kwamba mwili haujai wala haumwagi naitrojeni kwa kasi moja. Ubongo hupata damu nyingi na hujaa upesi. Mafuta huyeyusha naitrojeni nyingi na kuiachilia shingo upande. Ili aweze kukokotoa, aliugawa mwili katika makundi matano ya kinadharia, ambayo hujaa nusu kwa dakika 5, 10, 20, 40 na 75. Makundi hayo hayana sura wala mahali maalumu mwilini. Ni ya hesabu tu, na wazo hilo ndilo lililodumu kuliko hata kanuni ya nusu yenyewe.

Mnamo Agosti 1906 nadharia ilipelekwa baharini, karibu na Kisiwa cha Bute nchini Skoti. Damant na mwenzake Catto walishuka hatua kwa hatua hadi mita 64, wakarudi salama. John, akiwa na umri wa miaka 13, naye alivishwa vazi la kupigia mbizi na kuteremshwa. Vazi lilikuwa kubwa mno kwake na maji yakapenya mikononi. Jedwali za Haldane zilichapishwa mwaka wa 1908. Ubora wake ulidhihirika meli ya Laurentic ilipozama pwani ya Ireland mnamo Januari 1917 ikiwa na vipande 3,211 vya dhahabu. Damant na kikosi chake walipiga mbizi maelfu ya mara hadi mwaka wa 1924, wakatoa vyote isipokuwa 25, na hakuna mpiga mbizi aliyepoteza maisha.

Kutoka kilindini Haldane alielekea kileleni. Mwaka wa 1911 yeye na wenzake watatu walikaa wiki tano juu ya mlima Pikes Peak, Colorado, wenye urefu wa takriban mita 4,300, wakichunguza namna mwili unavyozoea hewa haba.

Kisha vita vikaja. Wajerumani walipoachilia gesi huko Ypres tarehe 22 Aprili 1915, Haldane aliitwa haraka hadi Ufaransa, akatambua kuwa ni klorini. Aliporejea Oxford alijifungia na wenzake katika chumba chenye gesi hiyo ili wajaribu vinyago vya kinga, akayahatarisha mapafu yake ambayo tayari yalikuwa yameonja sumu nyingi. Mwezi uliofuata, kakake Richard aliondolewa serikalini kwa kushukiwa na magazeti kuwa mpenda Ujerumani. Familia moja, mwezi mmoja: mdogo anavuta sumu ya Wajerumani ili kuwaokoa askari wa Uingereza, mkubwa anafukuzwa kwa kuwaonea Wajerumani huruma. Haldane aliendelea na kazi. Kifaa chake cha kuwapa oksijeni askari waliodhurika mapafu kilisaidia kuifanya gesi hiyo kuwa tiba ya kawaida hospitalini.

Katika kitabu chake kuhusu upumuaji, kilichotoka mwaka wa 1922, aliandika kwamba mtu angeweza kwenda juu kupita kiasi cha kawaida ikiwa angevaa vazi lililofungika kama la mpiga mbizi na kupewa oksijeni ndani yake. Wazo hilo lilikaa kitabuni hadi mwaka wa 1933, Mmarekani Mark Ridge alipomwandikia. Ridge alitaka kupaa kwa puto lenye kikapu kilicho wazi, na kwao alikuwa amekataliwa. Haldane, akiwa na umri wa miaka 73, alishirikiana na Robert Davis wa kampuni ya Siebe Gorman kulirekebisha vazi la mbizi. Mwezi wa Novemba mwaka huo Ridge aliketi ndani yake katika tangi jijini London, hewa ikapunguzwa hadi kiwango cha mita 25,000 na zaidi, akatoka mzima. Hakufaulu kupaa kwa puto lake, lakini vazi lilikuwa limezaliwa.

Haldane hakuliona likiruka. Alikwenda Uajemi na Iraki kuchunguza jinsi joto linavyowadhuru wafanyakazi wa mafuta, na muda mfupi baada ya kurudi akaugua. Alifariki Oxford usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 1936. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo rubani Swain wa Jeshi la Anga la Uingereza alipanda hadi mita 15,230 akiwa amevaa vazi lililotokana na lile la Haldane na Davis. Wakati wa kushuka alihisi kukosa pumzi, akalazimika kukata dirisha la kofia kwa kisu.

Tatizo la vazi hilo lilirithiwa na wanaanga. Likijazwa kanieneo ya kawaida ya angahewa moja, hukakamaa kama mpira wa kandanda na aliyevaa hawezi kukunja hata kidole. Alexei Leonov wa Muungano wa Kisovieti, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo, alikutana nalo tarehe 18 Machi 1965. Vazi lake lilifura hata akashindwa kurudi ndani, ikabidi apunguze kanieneo yake huku akijua kuwa anakaribisha ugonjwa wa viputo. Aliokoka, kwani alikuwa amevuta oksijeni kabla ya kutoka.

Kwa sababu hiyo mavazi ya Wamarekani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga yaliundwa kwa kanieneo ya takriban 0.3 ya angahewa, na ya Warusi takriban 0.4, ilhali kituo chenyewe kina angahewa moja. Kutoka 1 hadi 0.3 ni zaidi ya mara tatu, nayo kanuni ya Haldane iliruhusu mara mbili pekee. Kwa hivyo naitrojeni sharti itolewe kwanza kwa kuvuta oksijeni tupu. Warithi wake waligundua kwamba alikuwa na matumaini mno katika mambo fulani. Kundi lake la dakika 75 halikutosha, na hesabu za wanaanga zikatumia kundi linalomwaga nusu ya naitrojeni yake kwa dakika 360. Hata hivyo umbo la hesabu ni lake.

Mwaka wa 2001 wanaanga walianza kuendesha baiskeli ya mazoezi huku wakivuta oksijeni, ili damu izunguke upesi na kuisomba naitrojeni. Mwaka wa 2006 wakaanza mpango wa kulala katika chumba cha kutokea, kanieneo ikiwa imeshushwa hadi takriban 0.7 ya angahewa. Hicho ni kituo cha njiani, sawa kabisa na vile alivyowapangia wapiga mbizi wa Bute. Kiwango hicho ni kama cha mlima wenye urefu wa mita 3,000 hivi, yaani zaidi ya mita elfu moja chini ya kile kilele cha Colorado alikolala Haldane kwa wiki tano mwaka wa 1911.